Jikaze kisabuni mpaka lini?

Swali kwa watu wazima wanaopenda kusema vijana wa siku hizi hawawezi kutawala hisia zao. Mara ya mwisho kumuuliza mtoto wa miaka 15 anahisi nini, halafu ukanyamaza ukangoja jibu, ilikuwa lini? Na sisemi "mbona umenuna?" Hilo si swali. Hilo ni shtaka.

Akili ya hisia imekuwa biashara Nairobi hii. Kila mwaka mtihani wa kitaifa ukikaribia, shule inaita msemaji mwenye suti na maikrofoni. Anawapigia wanafunzi kelele saa mbili nzima, anawaambia wawaombe wazazi msamaha, ukumbi mzima unalia, anapiga picha, anapewa bahasha, anaenda. Jumatatu hakuna anayerudi kuuliza wale waliolia walikuwa wanalilia nini. Mtoto mmoja akilia darasani ni tatizo la nidhamu. Mia sita wakilia pamoja mbele ya mgeni, eti hiyo ni siku ya maombi iliyofana.

Ujumbe wa hawa wasemaji wote ni mmoja: jidhibiti. Usikasirike, usijibu, usilie ovyo, kuwa mtulivu. Hapo ndipo ninapokataa. Wazo lenyewe la akili ya hisia lilitolewa 1990 na wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, kabla ya Daniel Goleman kuliandikia kitabu 1995 na likaingia kwa mabosi na semina za hoteli. Salovey na Mayer baadaye walilipanga kwa ngazi nne. Kwanza unaitambua hisia, kwako na kwa mwenzako. Pili unaitumia kufikiri. Tatu unaielewa, imetoka wapi na inaelekea wapi. Kudhibiti ni ngazi ya nne, ya mwisho kabisa. Sisi tumeruka tatu za kwanza tukamrusha mtoto moja kwa moja juu ya paa, na akianguka tunasema hana msimamo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba zana za hizo ngazi za chini tunazo, na tunazifundisha kila wiki kwenye somo la Kiswahili. Angalia tu maneno tuliyonayo. Huzuni si simanzi. Wasiwasi si hofu, na hofu si woga. Kinyongo si hasira: hasira inalipuka, kinyongo kinakaa chini kikihesabu. Kuna uchungu, kuna majuto, kuna upweke, kuna kijicho, kuna fedheha, ambayo ni aibu iliyoonekana na watu. Tunajua hata kuiweka hisia mahali pake mwilini: roho inauma, moyo unaenda mbio, donge limekaa kooni, kichwa kimejaa. Mtoto wa fomu tatu anakariri haya yote kwa sababu insha ina alama. Atakuandikia machozi yalivyomtiririka Juma njia mbili mbili, na mwalimu ataweka tiki nyekundu pembeni, "lugha nzuri". Lakini hakuna siku mtu alimwambia: haya, kati ya hayo maneno, lako wewe leo ni lipi?

Kwa hivyo akitoka darasani anabaki na neno moja. Stresi. Niko na stresi. Mzazi anatengana, stresi. Karo haijaisha, stresi. Amechekwa kwa sababu ya kigugumizi, stresi. Ametafuta rafiki muhula mzima hajapata, stresi. Neno moja linabeba mizigo minne, na mtu mzima akilisikia anasikia uvivu tu. "Wewe una stresi ya nini, unalipa nyumba?"

Halafu anapewa dawa yetu ya kitaifa: jikaze kisabuni. Na hiyo pia tulifundishwa kwa insha. Sijui aliyeitunga alikuwa anawaza nini, maana sabuni niijuayo mimi ukiiacha kwa maji inaisha.

Najua kuna mjomba anasoma hapa akisema, sisi tulichapwa na tukatoka sawa. Mjomba, pole, lakini nenda usimame stegi ya Community saa kumi na mbili jioni uangalie waliotoka sawa wakitukanana madirishani kwa sababu ya nafasi ya gari moja. Hao ndio wanawaambia watoto wadhibiti hisia. Viboko vilipigwa marufuku 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikarudia marufuku hiyo. Kilichopaswa kuchukua nafasi ya kiboko ni mazungumzo. Kiboko kilienda (si kila mahali, tusidanganyane) na mazungumzo hayakuja.

Huo mwaka 2001 ukumbuke kwa sababu nyingine. Machi mwaka huo bweni la Kyanguli, Machakos, liliteketezwa kwa moto na wavulana 67 wakafa. Jopo la serikali kuhusu nidhamu na fujo shuleni, lililoongozwa na Naomi Wangai, likapendekeza ushauri nasaha uimarishwe shuleni. Miaka 15 baadaye, 2016, zaidi ya shule 100 zilichomwa ndani ya mwaka mmoja.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2017 moto ukaja karibu zaidi, bweni la Moi Girls hapa Nairobi, pembeni mwa Ngong Road. Wasichana 10 walikufa. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ilimhukumu kifungo cha miaka 5, kwa kuua bila kukusudia, mwanafunzi aliyekuwa na miaka 14 wakati wa moto ule. Kesi ilisikika kwamba hakutaka kuendelea kukaa shule ile. Simtetei, na siilaumu shule. Kuna familia 10 zilizozika watoto na hakuna maelezo ya saikolojia yanayowatosha. Lakini nikisikia mtu anajibu habari kama hii kwa kusema "watoto wa siku hizi ni mashetani", nashangaa. Shetani haombi uhamisho. Moto ni kitu cha mwisho. Kabla yake kuna wiki za maneno ambayo ama hayakusemwa, ama yalisemwa yakaitwa kiburi.

Tuongee pia kuhusu mwili, kwa sababu hisia haielei hewani. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupima mambo na kujizuia, inaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu. Ile ya kushtuka na kukasirika haingoji. Kwa hiyo kijana ana gari lenye mafuta mengi na breki ambazo bado zinafungwa. Kinachozisaidia hizo breki kuliko hotuba yoyote ni usingizi. Wataalamu wanasema kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa nane hadi kumi kwa usiku, na katika umri huo saa ya mwili yenyewe inasogea mbele, usingizi unachelewa kuja. California ilielewa: tangu 2022 sheria yao inazuia sekondari za juu kuanza masomo kabla ya saa mbili na nusu asubuhi.

Usiseme hayo ni mambo ya wazungu, kwa sababu sisi tuna yetu iliyoandikwa. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinasema mwanafunzi wa bweni alale kuanzia saa tatu na nusu usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Saa nane na nusu, karatasi ya serikali. Sasa muulize mtoto yeyote wa bodingi unayemjua kengele inalia saa ngapi. Mimi shule niliyosoma, ambayo siitaji, ilikuwa saa kumi kasorobo alfajiri. Tulikuwa tunasinzia tumesimama kwenye foleni ya maji baridi, halafu saa tano mchana mtu anakuuliza mbona una hasira za karibu. Mtoto akivunja kanuni ya kuchomekea shati anatumwa nyumbani. Shule ikivunja kanuni ya usingizi inaitwa shule yenye bidii, na matokeo yakitoka tunaimba pamoja nayo langoni.

Sasa twende Upper Hill, kwa sababu hapo ndipo mchezo wote unaonekana kwa macho. Hiki kilima hakikosi kitu. Kenyatta iko hapo, na idara ya saikiatria ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko ndani ya uwanja wake. Nairobi Hospital iko upande ule mwingine. Madaktari wa akili na washauri wamejaa kwenye majengo ya kliniki. Minara ya bima imesimama, Britam, UAP. Makao ya SHA, Ragati Road. Mtu mzima anayefanya kazi kwenye mnara kama huo akizidiwa, kampuni nyingi kubwa zina mpango wa ushauri kwa wafanyakazi: anapiga simu, anapangiwa mtaalamu, bosi hajui waliongea nini. Hiyo ni haki yake na nampongeza. Hakuna anayemwambia ajikaze kisabuni. Anaambiwa ajitunze.

Na hapo hapo, Kilimanjaro Road, ndipo makao ya Tume ya Huduma ya Walimu, TSC. Yaani mwajiri wa walimu wa shule za umma amekaa mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka kwa wataalamu wa akili wengi kuliko mahali pengi pengine nchini. Lakini mshauri wa shule ya umma ni nani? Ni mwalimu wa kemia au CRE aliyeongezewa jukumu. Vipindi vyake viko palepale, madaftari yanamngoja, wanafunzi ni mia nane. Mara nyingi ndiye huyohuyo anaitwa kwenye kamati ya nidhamu. Sasa fikiria wewe ni msichana wa gredi 10. Umwambie Jumanne siri iliyokunyima usingizi, halafu Alhamisi umkute mezani wakijadili kama urudishwe nyumbani? Wewe ungesema? Mimi nisingesema. Hao walimu siwalaumu, wengi wanajitolea na wenyewe wamechoka. Nalaumu mpango unaodhani sikio ni kazi ya ziada.

Utafiti wa kitaifa wa 2021 kwa vijana wa miaka 10 hadi 17 ulikuta karibu asilimia 44 walikuwa na tatizo fulani la afya ya akili ndani ya mwaka uliopita, na karibu 12 walifikia kiwango cha ugonjwa. Hesabu darasa la 50: ishirini na wawili wanabeba kitu, na sita wanahitaji daktari. Hao sita hawahitaji hotuba. Hao wengine kumi na sita wangetosheka, wengi wao, na mtu mmoja mwenye muda na mdomo unaofungika.

Na tusisahau sheria ilikuwa inasema nini. Mpaka tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotangaza kifungo cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kuwa kinyume cha Katiba, mtu aliyejaribu kujiua alihesabiwa mhalifu. Watoto wetu wamekulia ndani ya nchi ambayo jibu la maumivu makubwa kuliko yote lilikuwa polisi. Wakinyamaza tunawaita wasiri.

Ninachotaka si kikubwa. TSC iajiri washauri wa shule wasiofundisha somo lingine lolote na wasiokaa kamati ya nidhamu, kamwe, hata kwa kusaidia tu siku moja. Kama pesa ni chache, mshauri mmoja azunguke shule nne, lakini awe mshauri tu. Kanuni ya usingizi ya 2015 ikaguliwe kama choo na jikoni zinavyokaguliwa. Na walimu wa Kiswahili, nyinyi hamhitaji bajeti: dakika tano za mwanzo wa kipindi, kila mtu aandike neno moja la hisia aliyoamka nayo, karatasi bila jina, zisomwe. Wiki ya kwanza watawapa vichekesho. Vumilieni.

Mzazi naye asijifiche nyuma yangu. Siku ya kutembelea watoto umebeba kuku na chapati, swali la kwanza ni umekuwa nambari ngapi. Anza na lingine.

Kuna nambari 116 ya watoto na 1199 ya Msalaba Mwekundu, zote bila malipo, na kila tukio likitokea watu wanazisambaza mtandaoni, mimi pia. Lakini simu ni marufuku kwa wanafunzi shuleni, na kwenye bodingi nyingi simu pekee mtoto anayoweza kuomba iko juu ya meza ya diputi, na diputi amekaa hapo. Wekeni moja kwenye ukuta wa zahanati ya shule, yenye nambari hizo mbili tu, na pazia.