Mama Aliyeuza Vitamini Kwa Bidoni

KIBARAZANI SIMI-SIMI
Na Mzee Toleka

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba kila Jumamosi mimi hushuka njia ya mtoni kwa toleka, yaani baiskeli ya abiria, nikiwa nimeketi nyuma ya kijana ambaye kila juma huniuliza ni lini nitapungua uzito, na kila juma hupandisha nauli kwa hoja hiyo hiyo. Nao wanajua pia kwamba jirani yangu, yule aliyekataza jina lake lisitajwe katika safu hii, aghalabu hunivizia njiani ili anipe habari ambayo baadaye ataniomba nisiiandike. Jumamosi iliyopita habari yake ilikuwa na kipaza sauti, nayo ilisikika kabla hajafungua kinywa.

Sokoni, karibu na njia iendayo uwanja wa ndege wa zamani wa Simi-Simi, ule ambao wazee wetu hadi leo huonyesha kwa kidole upande walikotokea askari wa miavuli wa Kibelgiji tarehe 24 Novemba 1964, nilimkuta kijana mmoja aliyevaa koti jeupe la kitabibu juu ya suruali ya michezo, amepanda juu ya kreti ya bia, mkono wa kulia ameshika kipaza sauti na wa kushoto chupa ndogo nyeupe, akiwawaidhi watu juu ya siha zao. Ufasaha alikuwa nao, sikatai. Alisema vidonge vya chupa ile vina vitamini A, na C, na E, na herufi nyingine ambazo nadhani alizipata kwa kuimaliza alfabeti. Kwamba mwenye kuvimeza asubuhi na jioni hatajua malaria, wala homa ya matumbo, wala ugonjwa wa sukari, wala ule udhaifu ambao ulipotajwa wanaume wote waliokuwapo walitazama viatu vyao. Na kwamba mawese, mafuta mekundu ambayo bibi zetu walitulisha kwa ujinga, huziba moyo, na kwa hiyo mtu mstaarabu hupikia mafuta meupe ya dukani.

Mimi ni mtu mpole, na ushahidi ninao katika barua za wasomaji wanaolalamika kwamba ni mpole kupita kiasi. Angalikomea kwenye malaria ningalimpita kama ninavyowapita wengine wote. Lakini alipowatukana marehemu bibi zangu wawili kwa neno moja, nilimwambia kijana wa toleka asimamishe baiskeli, naye akasimamisha kwa furaha, kwa sababu kungoja nako kuna nauli yake.

Mbele ya watu alisimama mama mmoja, mja mzito, mtoto wa miaka mitatu hivi amemshika kitenge, na miguuni pake ipo bidoni ya lita 20 imejaa mawese mapya, mekundu kama jua la magharibi juu ya mto. Akauliza kwa adabu, "Papa daktari, huyu mtoto jioni haoni. Jua likishuka anapapasa ukuta kama mzee. Dawa yako inamfaa?" Yule kijana, ambaye nadhani mara ya mwisho kuitwa daktari ni siku alipojiita mwenyewe, akajibu bila kupepesa, "Mama, wewe ndiye hasa niliyetumwa kwako! Meza wewe, ameze mtoto, na huyo wa tumboni atapata zake bure."

Basi nikaona kwa macho yangu mawili, moja likisaidiwa na kioo, kwa kuwa miwani yangu, kama mjuavyo, ina kioo kimoja tangu mvua za mwaka juzi: mama yule alimwita mchuuzi, akamwachia bidoni nzima kwa bei ya mtu mwenye haraka, akanunua chupa mbili za vidonge, na kwa chenji iliyobaki akanunua mfuko mdogo wa mafuta meupe ya kupikia usiku ule. Aliuza vitamini kwa bidoni akanunua vitamini kwa punje, na watu wakampigia makofi kwa uungwana wake.

Msiseme natia chumvi. Kilo moja ya mawese ambayo hayajapaushwa ina karotini kiasi cha miligramu 500 hadi 700, na karotini ndiyo ile rangi nyekundu yenyewe, ambayo mwili wa binadamu huigeuza kuwa vitamini A. Mtoto asiyeona jioni anaililia vitamini hiyo hiyo, na mama yake alikuja nayo kichwani tangu alfajiri, lita 20, akaitua chini mbele ya tabibu wa uongo ili amwulize dawa iko wapi. Nikamwendea nikamwambia, "Mama, dawa ya macho ya mtoto umeiuza hivi sasa." Akanitazama kwa huruma, kama mtu atazamavyo mzee aliyechoka na jua. "Papa," akasema, "mawese ni ya kuuza. Mwalimu hapokei sombe."

Jibu hilo, kwamba karo hailipwi kwa majani ya muhogo, lilinifunga kinywa kwa muda, nami si mtu wa kufungika upesi. Nikaomba kuiona chupa. Maandishi yake yalikuwa madogo kama sisimizi walio katika swala, lakini kwa kioo changu kimoja niliyapata maneno ya Kifaransa yaliyomwonya mja mzito asivimeze bila shauri la tabibu. Na onyo hilo si la mapambo, kwa maana vitamini A ya vidonge, ile iitwayo retinoli, ikizidi kipimo yaweza kumharibu kiumbe tumboni, ilhali ile ya mawese mwili huigeuza kwa kadiri ya haja yake na iliyozidi ukaiacha. Nikalisoma onyo kwa sauti. Yule kijana akainua kipaza sauti chake na kuniuliza, mbele ya soko zima, "Papa, wewe ni daktari?" Nikajibu kwamba mimi si daktari, mimi ni mla mawese wa miaka 60 na zaidi. Watu wakacheka sana, na mpaka sasa sijajua walimcheka nani, ingawa jirani yangu anasema yeye anajua.

Wako watakaoandika kwamba Mzee Toleka ni adui wa dawa, kama walivyoandika mwaka ule niliposema neno moja dogo juu ya pikipiki. Hasha. Nayajua yaliyofanyika katika hospitali ya Mvumi, karibu na Dodoma, ambako watoto 180 wenye surua waligawanywa mafungu mawili, fungu moja likaongezewa vitamini A na la pili lisiongezewe; katika waliopewa walikufa 6, katika wasiopewa wakafa 12, na habari hiyo ilichapishwa mwaka 1987 ili ulimwengu wote uisome. Sisi tuliokuwapo mwaka 2019, surua ilipowapata zaidi ya watu 310,000 katika Kongo yetu na kuwaua zaidi ya 6,000, wengi wao watoto, hatuna haja ya kufundishwa thamani ya kidonge kile. Lakini kidonge kile hutolewa bure, mara mbili kwa mwaka, kwa watoto wa miezi sita hadi miaka mitano, cha buluu kwa wachanga na chekundu kwa waliozidi mwaka mmoja, na anayekitoa anajua kipimo na huandika. Mtoto aliyekwisha kufifia macho haki yake ni kupelekwa kituo cha afya siku ile ile. Nami nilimwambia hivyo mama yake, akaitikia "ndiyo, Papa" kwa sauti ambayo watu hunijibu nayo nikishauri jambo lisilonunuliwa.

Na anayedhani kwamba vitamini na madini, maadamu ni vitu vyema, haviwezi kumdhuru mtu, na avuke bahari kidogo mpaka Pemba, nchi ya karafuu, ambako watoto wadogo walipewa chuma na asidi ya foliki kila siku kwa nia njema isiyo na shaka. Na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2006 yakaonyesha kwamba, katika kisiwa kile kilichokuwa na malaria nyingi, waliopewa walilazwa au kufa kwa wingi kuliko wasiopewa, hata sehemu ile ya jaribio ikasimamishwa kabla ya wakati wake. Wale walikuwa wataalamu wenye mizani, daftari na hofu ya Mungu. Huyu wetu ana kreti ya bia.

Chanzo cha fedheha hii nakijua, wala sihitaji tume ya uchunguzi: tumeona haya kwa sababu ya rangi. Mawese hutia doa, na sisi tumekuwa taifa liogopalo doa kuliko upofu. Hebu fikirini, ndugu zangu, jinsi dunia inavyotucheka. Mchikichi ni mwana wa misitu hii ya kwetu na ya Afrika ya Magharibi. Mwaka 1848 ilipandwa michikichi minne huko Bogor, katika kisiwa cha Java, kutokana na mbegu za Afrika, na uzao wake ukaenea Asia. Kisha mwaka 1941, hapo Yangambi, kilomita 100 hivi tukishuka na mto, wataalamu Beirnaert na Vanderweyen wakaifumbua siri ya chikichi lenye ganda jembamba na mafuta mengi, siri ambayo mashamba ya Malaysia na Indonesia hayajaacha kuinywea chai. Leo mafuta ya wajukuu wa mti wetu hurudi kwetu katika chupa, yamevuliwa rangi kiwandani na vitamini ikavuliwa pamoja nayo, nasi twayanunua kwa heshima kwa sababu yamesafiri. Jina lenyewe la vitamini lilitungwa mwaka 1912 na Casimir Funk, mtu wa Poland. Bibi yangu alikuwa amekwisha kuweka chungu motoni, wala hakumngoja.

Nikarudi nyumbani nikiwa na ghadhabu iliyokwisha kupangwa katika aya, nikamkuta Mama wa Nyumbani, ambaye safu hii humwogopa kuliko mhariri, ameinamia sufuria ya mawese inayofuka moshi kama meli ya zamani. Alikuwa akiyapausha. Yaani huyachoma mpaka wekundu wote unakufa na mafuta kubaki ya manjano hafifu, yanayofanana, kwa mbali na kwa mwenye macho mabovu, na yale ya dukani. Nikaanza hotuba: kwamba moto ule unaiteketeza karotini, kwamba kijiko cha mafuta mekundu juu ya lenga-lenga au matembele huisaidia vitamini ya majani kuingia mwilini, kwani haiingii bila mafuta, kwamba sombe, naam, itwangwe na kuchemshwa sana kwa ajili ya sumu yake, lakini baada ya hapo na ihurumiwe, kwamba limau likamuliwe mezani, si jikoni, kwa kuwa vitamini C haipendani na moto. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lingalitosha kunionya, kisha akasema, "Wageni wanakuja na mashati meupe. Utayafua wewe?" Akanituma sokoni nikalete hayo malimau.

Ndipo nilipomwona tena yule kijana. Koti jeupe alikuwa amelivua na kulikunja juu ya mfuko wa chupa zake, amekaa chini ya turubai la mama mmoja auzaye chakula, na mbele yake imewekwa sahani ya lituma ya ndizi, sombe iliyoiva, samaki wa mtoni, na kipande cha papai pembeni kikisubiri zamu yake. Sombe ile ilikuwa inang'aa. Nikamsikia kwa masikio yangu, ambayo hayana haja ya kioo, akiomba kwa sauti ya upole isiyokuwa na kipaza, "Mama, niongezee mafuta kidogo. Hayo mekundu."

Nikaketi mbele yake. Nilimtazama akila tonge baada ya tonge mpaka sahani ikawa nyeupe na vidole vyake vikawa na rangi ya bidoni ya asubuhi, nami nikingoja kuona kama atakifungua kile kifuniko cha chupa japo mara moja, kwa ajili ya malaria, au moyo, au ule udhaifu mwingine. Hakukifungua.

"Kijana," nikamwuliza, "na vidonge?"

Akalamba kidole cha mwisho, akanitazama kwa huruma ile ile niliyotazamwa nayo asubuhi, akasema, "Papa, vile ni vya kuuza."