Linux: Usiaibishwe na Wajuaji, Chagua Kinachokufanyia Kazi

Tuseme una laptopu ya mtumba, RAM ni GB 4, na tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, umeamua kuhamia Linux. Hongera. Lakini kabla hata hujazoea, kuna wasee watakuambia kwamba ukitumia GNOME wewe bado ni mtoto. Ati mtu mzima hutumia i3. Tulia kwanza.

GNOME, KDE Plasma na Xfce ni desktopu kamili. Menyu, waifai, sauti, mwangaza wa skrini na onyo la betri, vyote unavikuta ndani. Ni kama kukodi bedsita iliyo na fanicha. i3, Openbox na dwm ni wasimamizi wa madirisha tu: kazi yao ni kuamua kila dirisha likae wapi. Hapo umepewa mlango na paa. Balbu, pazia na jiko ni juu yako.

Sikatai, i3 ni tamu. Madirisha yanajipanga yenyewe, msimbo huku, kivinjari kule, na mkono hautoki kwenye kibodi. Pia inakula RAM kidogo kuliko GNOME. Lakini tusidanganyane: kwenye mashine nyingi mlafi mkuu ni kivinjari. Ukifungua kurasa ishirini, ile RAM uliyookoa inaisha hapo hapo.

Sasa fikiria gharama ambayo wajuaji hawakuambii. Usipoweka mwenyewe programu ya kukuonya, betri itazima kimya kimya ukiwa katikati ya kazi ya mteja. Ukifika mahali pa kuonyesha kazi yako kwa projekta, huenda ukaanza kuandika amri ya xrandr huku watu wanakutazama. Kwa kijana anayetegemea laptopu moja kupata kodi, huo si mchezo.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: kama mashine ni dhaifu, anza na Xfce. Ni nyepesi, na pia unaweza kuipangia vitufe vya mkato upendavyo. Ukishatulia, sakinisha i3 kando yake. Hutafuta chochote, kwenye skrini ya kuingilia unachagua leo utumie ipi. Ijaribu wikendi, usiijaribu usiku wa kuamkia dedilaini. Na usinakili faili ya mipangilio ya mtu bila kuisoma. Ikiharibika, utarekebisha nini usichokielewa?

Ukiipenda i3, hamia kabisa, hakuna ubaya. Ukirudi Xfce, pia hujashindwa. Mteja wako hajui hata dirisha lako linasimamiwa na nani. Anachojua ni kama kazi imefika au haijafika.