Mteja wa CTC akaguliwe kinywa pia

Tangu dawa za kufubaza VVU (ARV) zianze kutolewa bure nchini Tanzania mwaka 2004, kliniki za tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU (CTC) zimejijengea utaratibu mzuri. Mteja anapimwa uzito, anaulizwa kama anakohoa, anatolewa damu ya kupima wingi wa virusi. Kinywa, mara nyingi, hakifunguliwi.

Dawa hizi zimeokoa vinywa vingi. Utando mweupe uliokuwa ukimfanya mgonjwa ashindwe kumeza hata uji umepungua sana. Lakini zina maudhi yake. Ritonavir, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za mstari wa pili, anazopewa mteja ambaye za kwanza hazikumfaa, hubadili ladha, na wengine huhisi midomo ikifa ganzi. Zidovudine huweza kuacha madoa meusi kwenye ulimi na fizi. Kisha kuna kukauka kwa mate, tatizo linalodharauliwa kuliko yote.

Aliyeanza dawa 2004 akiwa na miaka 35 leo ameshapita 55. Ameongezewa vidonge vya presha, pengine na amitriptyline ya ganzi ya miguu, na hivyo navyo huweza kukausha mate. Usiku ulimi unanata kwenye kaakaa. Mkate haupiti bila chai. Mchana anamumunya pipi apate unyevu, na sukari ile, bila mate ya kuisafisha, inatoboa meno usawa wa fizi. ARV anapewa bure. Kuziba jino analipia. Asiye na hela anangoja ling'olewe.

Mteja anayeendelea vizuri sasa anapewa dawa za miezi 3, hata 6. Ni nafuu kubwa ya nauli, lakini asipoulizwa kuhusu kinywa siku ya kuchukua dawa, hataulizwa tena mpaka nusu mwaka ipite.

Kwa watoto tulielewa kuwa kinywa kina uzito wake. Sirapu ya lopinavir ilikuwa chungu mno, wakaitema kwenye nguo za mama zao, mpaka vikatengenezwa vidonge vya dolutegravir vya kuyeyusha kwenye maji, vyenye ladha ya stroberi. Ladha ilihesabiwa kuwa sehemu ya tiba. Kwa mtu mzima, kwa nini isiwe hivyo?

Tunataka muuguzi aulize maswali mawili: mate yanakauka? Chakula kina ladha? Kisha amulike kwa tochi, na mwenye tatizo apelekwe chumba cha meno siku hiyohiyo. Wizara ya Afya nayo iingize kuziba jino katika huduma za bure za CTC.

Mteja asiache dawa kwa sababu ya kinywa. Anywe maji kidogo kidogo, apige mswaki kwa dawa ya meno yenye floridi, aachane na pipi. Ila akitokwa na malengelenge mdomoni pamoja na homa, macho mekundu au ngozi kubabuka, asingoje tarehe ya kadi: aende hospitali saa hiyohiyo.