Risasi Kumi Zatosha

Wenye bunduki ndogo za .22 nchini Marekani wamekuwa wakilalamika kwamba magazini kubwa, zile za risasi 25, ni ngumu mno kujaza. Risasi za kwanza huingia kwa wepesi. Za mwisho husukumwa kwa nguvu zote, hata kidole gumba kikauma. Wengine hununua vifaa maalumu vya kusukumia. Sisi twaona kwamba dawa ya taabu hiyo haimo katika kifaa, bali katika kurejea kwenye magazini ya risasi 10.

Ugumu huo hauna siri. Springi haina budi kubaki na nguvu ya kuinua hata risasi ya mwisho; basi ikishabanwa na risasi 25, nguvu yote humrudia mjazaji. Isitoshe, risasi ya .22 ina ukingo uliotokeza kitakoni, na fataki imo ndani ya ukingo huo. Zinapopangwa katika magazini, ukingo wa risasi ya juu hutakiwa kutangulia mbele ya ukingo wa ile ya chini, ama sivyo hukwama. Ajazaye kwa pupa huzipanga vibaya. Na agongaye kitako cha risasi kwa chuma achezea pale pale bunduki inapogonga ili kuwasha baruti.

Yafaa kuuliza: risasi zote hizo ni za nini? Bunduki mashuhuri ya Ruger 10/22 ilipotolewa mwaka 1964, ilikuwa na magazini ya risasi 10, na wawindaji wa sungura hawakuona upungufu. Katika mashindano ya kuteleza thelujini na kulenga shabaha, ambayo tangu mwaka 1978 hutumia bunduki za .22, magazini huwa na risasi 5 tu kwa shabaha 5. Katika mbio za kupokezana, mshindani hupewa 3 za akiba, naye huzitia moja moja kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi. Hao ni miongoni mwa walengaji hodari kabisa duniani. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Lakini jambo hili lina uzito kuliko michezo. Tarehe 8 Januari 2011, mjini Tucson, katika jimbo la Arizona, mtu mmoja aliua watu 6 kwa bastola yenye magazini ya risasi 33. Raia walimdhibiti pale alipotaka kubadilisha magazini. Bastola ile haikuwa ya .22, lakini funzo ni lile lile: tuo fupi la kujaza silaha ni nafasi ya mtu kuokoka. Kila risasi inayoongezwa katika magazini hulisogeza mbali tuo hilo.

New Zealand ilijifunza kwa msiba. Baada ya Waislamu 51 kuuawa kutokana na shambulio la misikiti miwili mjini Christchurch, tarehe 15 Machi 2019, bunduki nyingi zinazojijaza zenyewe zilipigwa marufuku. Hata hivyo sheria haikuwasahau wakulima: bunduki ya .22 iliachwa, mradi magazini yake isizidi risasi 10. Australia nayo, baada ya mauaji ya watu 35 huko Port Arthur mwaka 1996, iliweka mpaka katika idadi hiyo hiyo.

Wapo watakaosema kwamba sheria humwonea mtu mwema kwa kosa la mwovu. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Lakini anyimwacho mtu mwema hapa ni kipi? Ni kubadilisha magazini mara mbili zaidi uwanjani, na kupumzisha kidole chake. Marekani yenyewe iliwahi kuzuia magazini mpya za zaidi ya risasi 10 tangu mwaka 1994, kisha ikaiacha sheria hiyo ife mwaka 2004.

Twawasihi watunga sheria wa nchi hiyo wairejeshe. Na mwenye bunduki asingoje sheria: aiache magazini inayomshinda kidole, atie risasi 10, alenge kwa utulivu.