Mcheza Kwao Hutuzwa: Lupita Nyong'o na Kalamu ya Kiswahili

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Lupita Nyong'o alianza kucheza kwao: akiwa na umri wa miaka 14 aliigiza Juliet jijini Nairobi pamoja na kundi la Phoenix Players. Hata hivyo, tuzo kubwa aliipatia ugenini, pale filamu ya 12 Years a Slave ilipompa Oscar mwaka wa 2014. Mnamo 2019 mwigizaji huyu alishika kalamu akatoa Sulwe, kitabu cha watoto kuhusu msichana anayeichukia ngozi yake kwa kuwa ni nyeusi kuliko ya jamaa zake wote. Kitabu kiliandikwa kwa Kiingereza, kisha kikatafsiriwa kwa Kiswahili na Kijaluo.

Tafsiri hiyo ni ya kupongezwa. Hata hivyo, yazuka swali: kwa nini kisa cha mtoto mweusi kimfikie Mswahili baada ya kupitia lugha nyingine? Wapo wanaodai kuwa Kiswahili hakina soko. Dai hili halina mashiko. Longhorn, shirika lenye makao katika barabara ya Funzi, Industrial Area, ndilo lililochapisha Siku Njema ya Ken Walibora mwaka wa 1996, na riwaya hiyo ikapata wasomaji wengi mno.

Tatizo ni kwamba wachapishaji wetu hutegemea mno silabasi. Mtoto wa Mukuru kwa Njenga, anayeishi kando ya viwanda hivyo, hukutana na Kiswahili kitabuni akisubiri kuulizwa swali la mtihani. Akitoka darasani, mkorogo unauzwa dukani, naye hana hadithi ya kumtetea.

Waigizaji wa Kiswahili hawajapungua. Benson Wanjau, yaani Mzee Ojwang, aliyeaga dunia mwaka wa 2015, aliwachekesha Wakenya kwa miongo kadhaa katika Vitimbi. Wasanii wa aina yake wanaijua hadhira kuliko wahakiki wengi, na wanajua mtoto huchekeshwa na nini na huumizwa na nini.

Hapana budi, basi, wachapishaji wawatafute wasanii hao wakiwa hai, na vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vijitolee kuwanukuu na kuhariri miswada yao. Tukingoja wasifike kalamuni ila kwa njia ya Hollywood, tutabaki watafsiri wa hadithi zetu wenyewe.