Telefone inazeeka, ao inazeeshwa?

Mwezi huu tuseme kidogo juu ya ugonjwa unaoingia katika nyumba nyingi, tangu Kasumbalesa mpaka Kolwezi: telefone inayochelewa. Ilinunuliwa kwa bei kali. Miaka miwili ilikimbia kama sungura, mwaka wa tatu inatembea kama konokono. Unagusa kioo, unangojea, unagusa tena, halafu inafungua mambo matatu kwa mara moja. Batri inaonyesha 40 kwa mia, mutu anakuita, unasema «alo», na paf! imezimika.

Basi mazungumuzo yanaanza mu nyumba:

— Baba, telefone yangu iko inachelewa sana. Unipatie makuta ninunue ingine.

— Hata miye niko nachelewa, mutoto wangu. Niko na miaka 52. Utanunua baba mwingine?

Tunacheka, lakini ulizo la muzee huyu ni la kweli. Cherehani ya nkambo, ile ya kukanyaga kwa miguu, iliyonunuliwa wakati wa Union Minière, inashona mpaka leo. Haijaomba mizajuri hata siku moja. (Mizajuri, kwa wale wasiozoea neno, ni kutoa programu ya zamani ndani ya mashini na kutia ile mupya.) Kwa nini basi telefone, yenye akili kupita cherehani, izeeke kwa miaka mitatu? Vijana wanajibu mbio: «Bale ba kompani njo banaziua, kusudi tununue zingine!» Wazee wanajibu: «Ni vitu vya Wachina.» Majibu yote mawili ni ya uvivu. Kuna jambo moja lililotokea kweli, lilifika mpaka mbele ya waamuzi, na linatufundisha kuliko hayo.

Ni jambo la kompani Apple, ile inayofanya iPhone. Katika Januari 2017 ilitoa mizajuri yenye nambari 10.2.1. Wakati ule watu walikuwa wanalalamika kwamba iPhone 6 na 6S zinazimika ghafula, batri ingali na nguvu. Kisha ile mizajuri, malalamiko yalipunguka. Vizuri! Lakini watu wengine wakaanza kuona kitu kingine: telefone haizimiki tena, ila imekuwa nzito. Katika Desemba 2017 mutu mumoja mwenye iPhone 6S alitia batri mupya, na mbio yote ikarudi. Akawaambia wengine. Siku chache kisha pale, tarehe 18 Desemba, John Poole, mwenye kutengeneza programu ya kupima mbio ya mashini, alitoa vipimo vya telefone nyingi. Vilionyesha wazi kwamba kisha mizajuri, iPhone nyingi zilikuwa zimeshuka mbio. Siku mbili kisha, Apple ikakubali: ndiyo, programu yetu inapunguza mbio ya telefone yenye batri ya kuzeeka.

Ilifanya hivyo kwa sababu gani? Batri ni kitu chenye dawa ndani yake, na dawa inachoka. Kila mara unaposhariji na kutumia, inapoteza nguvu kidogo. Batri yenye kuzeeka inaweza kuonyesha 40 kwa mia, lakini ukiiomba nguvu nyingi kwa mara moja, kama kufungua picha huku unasema na mutu, inashindwa, na telefone inazimika. Ni kama muzee mwenye kubeba gunia la makala. Kwa njia ya sawasawa anafika. Umuambie apande mulima mbio, anaanguka. Apple iliona afazali kumuambia muzee atembee polepole.

Mimi sioni ubaya katika dawa yenyewe. Telefone inayotembea polepole ni bora kuliko telefone inayozimika wakati unaita munganga usiku. Ubaya ulikuwa kunyamaza. Fikiri munganga anayempa baba yenu dawa ya kulala, haambii mutu, halafu jamaa inapouliza «mbona muzee amekuwa muzito hivi?» hakuna anayejibu. Watu wangapi walienda kununua iPhone mupya kwa mamia ya dola, wakati shida yao ilikuwa batri? Mwisho wa Desemba 2017 Apple iliomba musamaha, na kwa mwaka 2018 ikashusha bei ya kubadilisha batri toka dola 79 mpaka dola 29. Dola 29! Katika Februari 2020 serikali ya Ufaransa iliitoza milioni 25 za euro, na sababu iliyoandikwa ni ile ile: wanunuzi hawakuambiwa. Mwezi uliofuata, kule Marekani, Apple ilikubali kulipa mpaka milioni 500 za dola kwa kumaliza mashitaka ya wanunuzi, bila kukubali kwamba ilikosa.

Sasa vijana, murudie ile jibu yenu. Telefone haikuuawa. Ilikuwa na kiungo kimoja cha kubadilisha, na mwenye kujua alinyamaza. Hiyo ni tofauti kubwa, kwa maana kitu kilichouawa unakizika, lakini kitu chenye kiungo kibovu unakipeleka kwa fundi.

Na kile kiungo, sisi watu wa migodi tunapashwa kukijua kuliko wote. Katika mwaka 1980, kule Oxford, Uingereza, profesa John Goodenough na wenzake walionyesha kwamba kobalti inaweza kufanya batri yenye nguvu sana. Mwaka 1991 kompani Sony ya Japani ikaanza kuuzisha batri za namna ile. (Mwaka 1991 huku kwetu tulikuwa na mambo mengine. Wazee wa Kolwezi wanakumbuka kwamba mwaka mumoja mbele, Septemba 1990, mugodi wa Kamoto ulikuwa umebomoka. Nani angetuambia kwamba kule Japani walikuwa wanatengeneza njaa ya mawe yetu?) Mwaka 2019 Goodenough alipewa tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Alikuwa na miaka 97, muzee kupita wote waliowahi kuipokea. Ona basi: aliyeanzisha batri hakuna aliyemuambia kwamba yeye ni modeli ya zamani!

Leo, kwa kila kilo 10 za kobalti inayochimbwa duniani, zaidi ya kilo 7 zinatoka Congo. Ndani ya telefone moja kuna grama chache tu. Grama zile zinatoka huku ndani ya gunia, zinapita Kasumbalesa juu ya kamyo, zinasafishwa sana sana katika Uchina, zinaingia kiwanda, zinatembea Ulaya miaka mine ndani ya mufuko wa mutu, halafu zinarudi kwetu ku soko, ndani ya telefone ya okazio, kioo kimefutwa vizuri kwa kitambaa. Muuzaji anakuambia: «Papa, hii ni Ulaya yenyewe!» Kumbe ni mutoto wa kwetu amerudi mu kijiji, amezeeka na hana nguvu.

Hapo ndipo mutego wa pili unapokungojea, na huo hauna kazi na batri. Telefone inaweza kuwa na batri mupya, kioo kizima, sauti nzuri, na hata hivi WhatsApp inakataa. Tarehe 1 Februari 2020 WhatsApp iliacha telefone zenye Android 2.3.7 na za chini yake. Tarehe 24 Octoba 2023 ikaomba Android 5.0 ao ya juu zaidi. Tangu Mei 2025 inaomba iPhone yenye programu 15.1 ao ya juu. iPhone 5S na 6 zikabaki inje. Mama mumoja aliniuliza kama ni wachawi wa jirani waliofunga telefone yake. Hapana, mama. Wachawi hawatoi tangazo lenye tarehe.

Juu ya hilo nitawatetea kidogo watu wa WhatsApp. Programu ya zamani ni kama mulango wenye kufuli lililooza: wezi wanalijua, na fundi aliyelifanya haleti tena ufunguo mupya. Hawawezi kupima kila mwezi telefone za miaka kumi na mitano. Lakini anayelipa ni nani? Si yule wa Ulaya aliyeitumia miaka mine na kuiuzisha. Ni mwanafunzi wa Likasi aliyelimbika makuta mwaka muzima, akauziwa Android 4 kwa jina la «kama mupya». Kwa hiyo mbele ya kutoa makuta, fungua parametre ya telefone, shuka mpaka chini pahali inapojieleza yenyewe, na usome nambari ya Android. Tazama vilevile tarehe ya mizajuri ya mwisho ya usalama. Kama muuzaji anakunyanganya telefone mukononi na kusema «weye unasumbua», umekwisha kupata jibu, na haukulipa kitu.

Neno moja kwa makarani wa parokia na wa masomo, kwa sababu uvumi ulikuwa mwingi: Windows 10. Ilisemwa kwamba tarehe 14 Octoba 2025 ordinateri zote zenye Windows 10 zitazimika. Tarehe ilipita, ziliwaka. Siku ile Microsoft iliacha kutoa bure marekebisho ya usalama, ndiyo yote. Windows 11, iliyotoka 2021, inaomba kipande fulani cha usalama ndani ya ordinateri ambacho zile za zamani hazina, basi mashini nzima zenye afya zikaitwa zimezeeka kwa barua. Kisha kukawa mwaka mumoja wa kuongeza, mpaka Octoba 2026, na hapo mucheke pamoja nami: Ulaya waliupata bure, wengine wakaombwa dola 30, ao kuweka mipango ya ordinateri yao kwa Microsoft. Kama ya kwenu inaandika tu barua na hesabu ya sadaka, hakuna haraka ya kuitupa. Kuna Linux, haiuzishwi, inaingia vizuri ndani ya mashini za zamani. Mutafute kijana anayeijua, awafundishe. Wazee watanungunika wiki mbili, halafu watasema walikuwa wanaijua tangu zamani.

Turudi kwa telefone. Tangu tarehe 20 Juni 2025, kule Umoja wa Ulaya, sheria inasema: batri ya telefone mupya ishikilie 80 kwa mia ya nguvu yake kisha kushariji mara 800, mizajuri iendelee miaka 5 tangu kompani kuacha kuuzisha modeli ile, vipande vya kutengeneza vipatikane miaka 7. Na tangu Februari 2027, batri iwe ya kutoka mukononi mwa mwenyewe, isipokuwa zile zenye nguvu ya kudumu sana. Ni sheria nzuri. Lakini ni yao. Modeli zinazotengenezwa kwa ajili ya masoko yetu tu haziigusi, na nyingi zinafika zikiwa na Android ya juzi, bila ahadi ya mizajuri hata moja. Mawe yanatoka kwetu, dhamana inabaki kwao. Siandiki hivi kwa kulia. Naandika kusudi ujue ya kuuliza: «Hii itapata mizajuri mpaka mwaka gani?» Google tangu 2023, na Samsung tangu 2024, waliahidi miaka 7 kwa telefone zao za bei ya juu. Kwa hiyo kampani zinaweza, zikitaka. Muuzaji wa kwetu ulizo lile litamushangaza mara ya kwanza. Wakimuuliza wanunuzi kumi mu siku moja, atauliza yule anayemuletea mizigo.

Tena muilinde batri muliyo nayo. Adui yake mukubwa ni joto. Niliona nyumba ambamo telefone inashariji juu ya kabati karibu na mbabula, bukari inaiva chini, batri inaiva juu. Usiiache ku jua juu ya bati, wala chini ya mutwaro usiku wakati inashariji. Umeme ukirudi kisha siku mbili, usikimbilie kuchomeka palepale. Ngojea kidogo utulie. Na ukinunua batri ya kubadilisha, ile ya bei ya mukate inakaa siku za mukate.

Kama batri imevimba mpaka kioo kinaanza kufunguka, zima telefone, usiishariji tena, uipeleke kwa fundi. Usiikandamize kwa mukono irudi mahali pake. Kuna mutu mu kartie yangu anayefundisha vijana kutoboa batri kwa shindano «kusudi pumzi itoke». Batri ya namna ile ikitobolewa inaweza kuwaka moto, na maji kidogo ya kikombe hayaizimi kwa urahisi. Akikuambia hivyo, umuombe aanze na ya kwake, na weye uende kusimama ngambo ya barabara.