Sindano ya miezi mitatu na VVU: seli za maabara zilisema nini, utafiti wa wanawake ukajibu nini

Hapa Babati swali hili bado linazunguka, kliniki hadi sokoni: ni kweli sindano ya uzazi wa mpango inamwongezea mwanamke hatari ya kupata VVU? Wapo walioiacha kwa hofu hiyo, wakarudi kliniki na mimba ambayo hawakuipanga. Hofu hii haikuzuka hewani, kwa hiyo anayeuliza hastahili kukaripiwa.

Dawa iliyomo kwenye sindano inaiga projesteroni, homoni ya asili ya mwanamke. Homoni hufanya kazi kwa kushika kipokezi cha seli, kama ufunguo unavyoingia kwenye kufuli lake. Ili kujua dawa fulani inafungua kufuli lipi, wanasayansi hutengeneza seli za kupimia. Huchukua seli zinazokuzwa maabara, wakazipandikiza jeni ya kipokezi wanachokichunguza, kisha jeni ya kimulimuli, yule mdudu anayewaka usiku. Dawa ikikiamsha kipokezi, seli hutoa mwanga na mashine huupima. Njia hii ni ya haraka, na mwanamke yeyote hahitaji kuchomwa chochote.

Vipimo vya seli vilionyesha kwamba dawa hii haiishii kwenye kufuli la projesteroni. Inashika pia kipokezi cha kotisoli, homoni ambayo pamoja na kazi nyingine hutuliza kinga ya mwili. Hapo wasiwasi ukaanza: je, kinga ya ukeni nayo inalegea? Mwaka 2011 utafiti wa wenza ambao mmoja wao ana VVU, uliofanyika nchi saba za Afrika, Tanzania ikiwamo, ukakuta maambukizi karibu mara mbili kwa wanawake waliotumia njia za homoni, hasa sindano.

Lakini seli kwenye kisahani cha maabara haina mume, na wala haiamui kama kondomu itatumika usiku huu. Na wanawake waliojichagulia sindano huenda walitofautiana na wenzao kwa mambo hayohayo. Ilibidi njia igawiwe kwa kura.

Ndivyo ulivyofanyika utafiti wa ECHO, Kisumu kwa jirani zetu wa Kenya, na pia Zambia, Eswatini na Afrika Kusini. Wanawake 7,829 wenye miaka 16 hadi 35 waligawanywa makundi matatu karibu sawa: sindano, kitanzi cha shaba na kijiti. Majibu yalitoka Juni 2019. Waliopata VVU walikuwa 143 kwenye sindano, 138 kwenye kitanzi, 116 kwenye kijiti. Kitaalamu hiyo si tofauti kubwa, ingawa utafiti ulipangwa kunasa tofauti ya karibu nusu, si ndogo zaidi. Agosti mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likasema mwanamke aliye kwenye hatari kubwa ya VVU anaweza kutumia njia yoyote kati ya hizo bila kizuizi.

Mimi namba inayonisumbua ni jumla yake: 397. Ni karibu wanawake wanne kwa kila mia kwa mwaka, na hawa walikuwa wakipewa ushauri na kondomu. Tulibishana miaka mingi kuhusu sindano, kumbe hatari ilikuwa kubwa kwenye makundi yote matatu. Kitanzi hakizuii VVU. Kijiti hakizuii. Sindano pia haizuii.

Kwa hiyo mama, usiache sindano kabla hujapata njia nyingine mkononi. Ukija kuichoma, omba na kondomu, na ukiweza njooni na mwenzako mpime pamoja. Kama yeye ana VVU, au humwamini, uliza kuhusu dawa kinga za kumeza kila siku. Muulize mhudumu faragha, si lazima useme mbele ya foleni. Na ukitoka damu nyingi au mfululizo baada ya sindano, usisubiri tarehe ya kwenye kadi. Njoo tukuangalie.